Mikahawa mipya Nairobi: Jinsi mteja anavyoweza kuipima

Ni nadra mwezi kwisha jijini Nairobi bila ya mlango wa mkahawa mpya kufunguliwa mahali fulani. Chumba kilichokuwa duka la nguo hupakwa rangi, maputo hufungwa mlangoni, spika hutolewa nje na bei hupunguzwa kwa juma la kwanza. Wapita njia huingia, wengine kwa njaa na wengine kwa udadisi tu. Miezi michache baadaye, baadhi ya milango hiyo huwa imetiwa kufuli, rangi imeanza kubambuka, na jirani akiulizwa husema kwamba wenyewe walihama.

Baina ya maputo na kufuli kuna watu wawili walio na mengi ya kupoteza. Wa kwanza ni mwenye mkahawa, ambaye aghalabu ametia humo akiba ya miaka mingi, mkopo wa chama au malipo yake ya kustaafu. Wa pili ni mteja, ambaye huingia na fedha zake za siku hiyo na, jambo lililo zito zaidi, afya yake. Makala haya yanaeleza mikahawa ya kawaida ya Nairobi ni ipi, ilivyotokea na inavyoendeshwa, pamoja na vigezo anavyoweza kuvitumia mteja kuupima mkahawa mpya kwa haki bila ya kujihatarisha.

HOTELI, KIBANDA NA MKAHAWA

Katika Kiswahili cha Kenya, neno hoteli si lazima liwe na maana ya mahali pa kulala. Chumba chenye meza nne, birika la chai na sahani za chapati huitwa hoteli, na hakuna anayetarajia kukuta kitanda humo. Mkahawa, kwa asili, ni mahali pa kunywea kahawa, lakini leo neno hilo hutumiwa kwa pahali popote panapouzwa chakula kilichopikwa. Kibanda nacho ni kile cha mabati au mbao, chenye benchi moja au mbili na meko ya makaa au kuni.

Tofauti hizi si za majina pekee. Kibanda huwalisha wajenzi, makanga, wachuuzi na wafanyakazi wa viwandani, na chakula chake ni githeri, chapati na maharagwe, ugali na sukuma wiki, matumbo na chai ya maziwa. Hoteli za barabara kama vile River Road, Tom Mboya na Ronald Ngala huwahudumia wafanyabiashara, wasafiri wanaosubiri magari na makarani wa ofisi za karibu, na huko orodha ya vyakula mara nyingi huandikwa ukutani: pilau, nyama karanga, kuku, samaki, chipsi. Kisha kuna maduka ya chipsi na kuku, mabaa ya nyama choma, na mikahawa ya kisasa iliyomo katika majumba ya kibiashara, ambako mteja huweza kukaa saa mbili na kikombe kimoja cha kahawa na tarakilishi yake.

Aidha, jiji hili lina mitaa ambayo chakula chake hujulikana kwa asili ya wakazi wake. Eastleigh husifika kwa wali wa Kisomali, nyama ya ngamia, anjera na chai yenye viungo. Diamond Plaza, mtaani Parklands, hujulikana kwa vyakula vya Kihindi na kwa wahudumu wanaomzunguka mteja hata kabla hajaketi, kila mmoja na orodha yake mkononi. Kenyatta Market ni jina linalotajwa pamoja na nyama choma. Vyakula vya Pwani, kama vile biriani, viazi karai, mahamri na mbaazi za nazi, navyo hupatikana katika mitaa mingi, ingawa si kila anayeandika neno Swahili kwenye bango lake huwa amewahi kukuna nazi.

ILIKOTOKEA DESTURI YA KULA NJE

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Mnamo 1902 hoteli ya Stanley ilifunguliwa na mwaka 1904 ikafuata Norfolk, zote zikiwalenga walowezi na wasafiri wa Kizungu. Wahindi waliokuja wakati wa ujenzi wa reli, na wafanyabiashara waliowafuata, walichangia kuzieneza chapati, sambusa, bhajia na chai iliyochemshwa pamoja na maziwa. Leo ni vigumu kumshawishi Mkenya kwamba chapati si chakula cha babu zake.

Baada ya uhuru, ukuaji wa jiji uliwaleta watu wengi ambao nyumba zao zilikuwa mbali na mahali pa kazi. Anayeishi Kayole, Githurai au Rongai hawezi kurudi kwake saa saba mchana. Hali hiyo ndiyo msingi wa biashara yote hii. Katika sensa ya mwaka 2019, Nairobi ilihesabiwa kuwa na wakazi 4,397,073, na sehemu kubwa ya watu wazima miongoni mwao hula angalau mlo mmoja mbali na jiko lao.

Mabadiliko mengine yalikuja kwa awamu. Mkahawa wa Carnivore ulifunguliwa mwaka 1980 na kuipa nyama choma sura ya kitalii. Katika miaka ya 1980 na 1990 maduka ya kuku na chipsi yalienea katikati ya jiji. Mwaka 1999 tawi la kwanza la Java House lilifunguliwa Adams Arcade, na kahawa ambayo Kenya ilikuwa imezoea kuiuza ng'ambo ikaanza kunywewa na Wakenya wenyewe kwa wingi zaidi. KFC iliingia mwaka 2011 na kufuatwa na kampuni nyingine za kigeni. Mnamo Septemba 2016, mwasisi wa Facebook, Mark Zuckerberg, alipozuru Nairobi, alikula ugali na samaki katika mkahawa wa Mama Oliech, mtaani Kilimani, na picha yake ikawakumbusha wengi kwamba umaarufu wa mkahawa hautokani na marumaru sakafuni.

Kisha likaja janga la corona. Kuanzia Machi 2020 mikahawa ilifungwa au kuruhusiwa kuuza chakula cha kubeba pekee, na kafyu ya usiku iliendelea, kwa saa zilizobadilishwa mara kadhaa, hadi Oktoba 2021. Wengi waliokuwa na mikahawa ya katikati ya jiji walipoteza wateja wa ofisini. Wakati huohuo, watu wengi walizoea kuagiza chakula kwa simu na kuletewa na waendeshaji bodaboda. Hata hivyo, biashara hiyo nayo haikuwa rahisi; Jumia Food, mojawapo ya majukwaa yaliyotangulia, ilifunga shughuli zake mwishoni mwa mwaka 2023.

KWA NINI MKAHAWA MPYA HUBADILIKA

Mteja asiyejua jinsi mkahawa unavyoendeshwa hushangaa kuona sahani iliyokuwa imejaa mwezi wa kwanza ikiwa na nafasi mwezi wa tatu. Sababu zake si siri.

Kanuni inayojulikana katika biashara hii ni kwamba gharama ya viungo vya chakula isizidi takriban thuluthi moja ya bei anayolipa mteja. Sehemu iliyobaki ndiyo hulipia kodi ya chumba, mishahara, gesi au makaa, maji, umeme, leseni, vyombo vinavyovunjika na chakula kinachobaki bila kuuzwa. Kinachosalia baada ya hayo yote ndicho faida, na mara nyingi ni kidogo mno.

Katika majuma ya kwanza, mwenye mkahawa huwa tayari kupata hasara ili ajulikane. Yeye mwenyewe husimama jikoni, hununua nyama nzuri na kujaza sahani. Baadaye bei za sokoni humfikia. Mwaka 2022, kwa mfano, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipita Sh200, huku mafuta ya kupikia nayo yakiwa yamepanda. Mwenye hoteli ya kawaida hawezi kupandisha bei ya ugali kila juma, kwani wateja wake wana kiasi maalum mfukoni. Kwa hivyo hubaki na njia tatu: kuongeza bei, kupunguza kipimo, au kununua bidhaa za hali ya chini. Njia ya kwanza huonekana na wote. Ya pili huonekana na mteja makini. Ya tatu aghalabu hugunduliwa na tumbo.

Viazi ni mfano mzuri. Aina inayolimwa zaidi nchini ni shangi, inayotoka katika maeneo kama vile Nyandarua, Meru na Nakuru. Kiazi hiki hukomaa mapema na huiva haraka, lakini pia huchipuka upesi baada ya kuvunwa, hivyo hakiwekeki kwa muda mrefu. Msimu wa mavuno bei hushuka, na msimu wa uhaba hupanda ghafla. Januari 2022 Wakenya walighadhabika waliposikia kwamba KFC ilikuwa imekosa chipsi kwa sababu shehena yake ya viazi vya kutoka nje ilikuwa imechelewa, ilhali wakulima wa humu nchini walikuwa na viazi mashambani. Kampuni hiyo ilijitetea kwa kutaja masharti yake ya ubora. Kisa hicho kilidhihirisha kwamba hata sahani ya chipsi ina safari ndefu nyuma yake, na mkahawa usio na mpango wa ununuzi huyumba msimu unapogeuka.

Kutokana na hayo, hukumu inayotolewa siku ya ufunguzi haina uzito. Anayetaka kuujua mkahawa aende mara mbili: mara ya kwanza katika majuma ya mwanzo, na mara ya pili baada ya mwezi mmoja au miwili, siku ya kazi, bila ya kutangulia kutoa habari.

KABLA YA KUKETI

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haiutendei haki mkahawa mpya, kwa kuwa usiojulikana hauna budi kujitembeza. Hata hivyo, inamkumbusha mteja asihukumu kwa maputo na muziki. Yapo mambo anayoweza kuyaona kwa dakika tatu kabla ya kuagiza.

La kwanza ni maji. Mahali pa kunawia mikono panapaswa kuwa na maji yanayotiririka na sabuni, si beseni moja linalotumiwa na watu wote. Jiji la Nairobi hugawiwa maji kwa zamu katika mitaa mingi, kwa hivyo mkahawa uliojiandaa huwa na tangi. Mfereji mkavu saa saba mchana ni ishara kwamba hata vyombo jikoni huenda havioshwi ipasavyo.

La pili ni choo. Wapishi na wahudumu hutumia choo kilekile au kinachofanana nacho. Kisipokuwa na maji wala sabuni, mteja asitarajie kwamba mikono inayokanda unga wa chapati ni safi.

La tatu ni mikono yenyewe. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeshika chakula bila ya kunawa au kutumia koleo. Katika kibanda cha mtu mmoja jambo hili ni gumu, lakini malipo ya simu yamelirahisisha. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, na hasa baada ya Lipa na M-Pesa kuja mwaka 2013, mama wa kibanda anaweza kulipwa bila ya kugusa noti.

La nne ni wateja wenyewe. Mkahawa wenye watu wengi saa saba mchana huuza chakula kipya, kwani sufuria huisha na nyingine huinjikwa. Mkahawa mtupu wenye vyakula 15 katika orodha yake hauwezi kuvipika vyote kila siku. Baadhi yake ni vya jana. Orodha fupi si dalili ya umaskini bali ya busara.

La tano ni mashahidi wasiolipwa. Bawabu wa jengo la jirani, mwendeshaji bodaboda aliyeegesha hapo nje na dereva wa teksi hula mahali pamoja mara nyingi, tena kwa fedha zao. Wakiwa wanavuka barabara kwenda kula kwingine, inafaa kuwauliza sababu.

AGIZA CHAKULA CHA KAWAIDA

Kosa la wengi wanaojaribu mkahawa mpya ni kuagiza kile chenye jina geni na bei kubwa. Mpishi huweza kuficha mengi kwa mchuzi mzito, jibini na pilipili. Chakula cha kawaida hakina pa kujificha, na kila Mkenya ni mtaalamu wacho kwa kuwa amekila tangu utotoni.

Ugali ulioiva huwa umeshikana, hauna mabonge wala harufu ya unga mbichi. Ukiwa na ukoko uliokauka juu, umekaa tangu asubuhi. Sukuma wiki iliyokaangwa wakati huo huwa ya kijani. Iliyopashwa moto mara kadhaa hugeuka rangi ya majani makavu. Chapati nzuri hufunguka kwa tabaka na haiachi dimbwi la mafuta sahanini. Maharagwe yaliyoiva hupondeka kwa ulimi, na yaliyopikwa kwa haraka hubaki na moyo mgumu. Katika pilau, punje za wali huwa zimeachana, na rangi yake hutokana na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia pamoja na viungo, si na rangi ya dukani. Chai ni mtihani mwingine: mkahawa usioweza kupika chai yenye maziwa ya kutosha, ikiwa moto, hautaweza mengi.

Chipsi hueleza habari ya mafuta. Mafuta yaliyotumika mara nyingi huwa meusi, hutoa moshi hata moto ukiwa wa wastani, na huacha ladha ya uchungu na ubapa mdomoni. Chipsi zilizokaangwa humo hutoka na madoa meusi na kulainika upesi. Si kila chipsi nyeusi inatokana na mafuta mabaya, kwani kiazi chenye sukari nyingi, mathalani kilichohifadhiwa kwenye baridi kali, nacho huungua rangi haraka. Lakini harufu haidanganyi.

Samaki mzima huaminika kuliko vipande, kwa sababu macho na mashavu yake huonyesha alivyokuwa kabla ya kukaangwa. Nyama choma nayo huhitaji hesabu. Katika mabaa mengi mteja huchagua nyama mbichi, ikapimwa kisha ikachomwa. Nyama hupoteza kati ya robo na thuluthi ya uzani wake motoni kwa kutokwa na maji na mafuta. Kwa hivyo kilo moja iliyopimwa ikiwa mbichi huweza kurudi mezani ikiwa gramu 700 tu, na huo si wizi. Wizi ni mizani isiyo sahihi au kipande kubadilishwa njiani. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri, na mteja ana haki ya kusimama karibu nayo na kuiona ikianzia sufuri.

JOTO, MUDA NA MARADHI

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kilichochafuliwa, na kwamba 420,000 kati yao hufa, wakiwamo watoto 125,000 wa chini ya umri wa miaka mitano. Bara la Afrika lilibainika kuwa na mzigo mkubwa zaidi likilinganishwa na idadi ya watu wake.

Shirika hilo hupendekeza kanuni tano: usafi, kutenganisha chakula kibichi na kilichopikwa, kupika hadi kuiva kabisa, kuhifadhi chakula katika kiwango salama cha joto, na kutumia maji na viungo salama. Chakula kinapaswa kufikia nyuzi 70 ndani yake wakati wa kupikwa. Baada ya hapo kisikae kwa zaidi ya saa mbili bila ya kupashwa moto wala kutiwa kwenye jokofu, maadamu vijidudu huzaana upesi baina ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Wali ni wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu mbegu za bakteria fulani hustahimili kupikwa, na sumu inayotokana nazo haiondoki kwa kupasha moto tena.

Mteja hahitaji kipimajoto. Chakula kinachofika kikitoa mvuke kimepikwa au kimehifadhiwa vyema. Kilicho vuguvugu ni afadhali kirudishwe jikoni. Kachumbari na matunda yaliyokatwa huhitaji tahadhari zaidi, kwani hayapiti motoni na usalama wake hutegemea maji na mikono pekee.

Wala gharama kubwa si kinga. Mwaka 2017 kipindupindu kilipozuka Nairobi, miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo watu waliohudhuria mikutano katika kumbi za hadhi. Oktoba 2022 mlipuko mwingine ulitangazwa nchini, na baadhi ya wagonjwa wa kwanza walikuwa wamehudhuria arusi katika Kaunti ya Kiambu. Kibanda safi ni salama kuliko hoteli ya kifahari yenye jiko chafu.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Sheria kuu zinazotumika ni ile ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na ile ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Chini ya sheria hizo, mahali pa kuuzia chakula hukaguliwa na maafisa wa afya ya umma, na kila anayeshika chakula hutakiwa kupimwa na kupewa cheti cha afya, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Leseni ya biashara aghalabu hubandikwa ukutani, na mteja anaweza kuisoma bila ya kumwomba mtu ruhusa: jina la biashara, mwaka na aina ya biashara iliyoidhinishwa.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, kupewa habari za kumwezesha kunufaika nazo, kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa anapopata hasara au madhara. Sheria ya Kuwalinda Wateja ilipitishwa mwaka 2012 ili kuimarisha haki hizo.

Upande wa fedha, mteja aulize mapema iwapo bei iliyoandikwa inajumuisha kodi ya ziada ya thamani (VAT), ambayo ni asilimia 16, na ada nyinginezo. Wengi wameagiza chakula cha Sh1,000 wakapewa hesabu iliyozidi. Anapolipa kwa simu, asome jina la biashara linalojitokeza kabla ya kuthibitisha malipo, kwani nambari iliyobandikwa ukutani inaweza kubandikwa na yeyote. Risiti nayo itunzwe, si kwa ajili ya kodi pekee, bali pia kama ushahidi wa siku na saa.

KULALAMIKA KWA HAKI

Chakula kinapokuwa kibaya, hatua ya kwanza ni kumwambia mwenye mkahawa pale pale, kwa sauti ya kawaida. Mkahawa mpya una wapishi wasiozoeana na jiko lisilojulikana vyema. Chumvi kuzidi siku moja si hatia. Linaloupima mkahawa ni jibu. Anayebadilisha sahani bila ya ubishi anastahili kupewa nafasi nyingine. Anayemlaumu mteja amekwisha kutoa habari zake mwenyewe.

Ugonjwa ni jambo zito zaidi, na hapa ndipo dhuluma hutokea kwa urahisi. Mtu akiharisha usiku hukilaumu chakula cha mwisho alichokula, akapiga picha bango la mkahawa na kulisambaza mitandaoni. Lakini maradhi ya chakula hayafuati saa moja. Sumu ya bakteria aina ya stafilokokasi huweza kumtapisha mtu baada ya saa moja hadi sita. Salmonela huchukua kati ya saa sita na siku tatu. Kipindupindu huweza kujitokeza baada ya saa chache au hata siku tano. Homa ya matumbo huchukua juma moja hadi matatu. Kwa hivyo aliyekula samaki mahali papya Jumanne mchana na kuugua usiku huohuo huenda aliambukizwa na kachumbari ya Jumapili nyumbani kwa shemeji yake.

Lililo sahihi ni kwenda kituo cha afya, kupimwa, na kueleza kila alichokula kwa siku kadhaa zilizopita. Iwapo watu wawili au zaidi waliokula pamoja wameugua, habari hizo zifikishwe kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo husika, ambaye ana mamlaka ya kukagua jiko na kuchukua sampuli. Njia hiyo humlinda mteja atakayefuata, kwani mkahawa mchafu hufungwa kwa ushahidi. Pia humlinda mwenye mkahawa asiye na kosa, ambaye uvumi wa siku moja unaweza kummalizia akiba ya miaka kumi na kuwaachisha kazi wapishi na wahudumu wake.

Mwishowe, aliyeridhika naye ana wajibu. Wateja wengi huwa wepesi wa kulalamika na wazito wa kurudi, kisha hushangaa mahali walipopapenda panapofungwa. Mkahawa wa kawaida haudumishwi na umati wa siku ya ufunguzi, bali na watu ishirini au thelathini wanaorudi kila juma, wanaoagiza kilekile, wanaolipa bila ya deni na wanaosema ukweli sahani inapopungua. Kwa mama aliyechukua mkopo wa chama ili anunue meza sita na jiko la gesi, hao ndio tofauti baina ya mlango ulio wazi na kufuli.